Maji ya Jezi

Harufu ndiyo iliyotangulia kunifikia, kabla ya mtoto mwenyewe. Nilikuwa uani nachambua dagaa, wale dagaa wa Lamadi ambao msimu mwingine wanakuja na mchanga mwingi kuliko nyama, na bado harufu ile ikaishinda ya dagaa. Jasho la wavulana lililolala siku mbili ndani ya mfuko wa salfeti, vumbi, na nailoni. Nikainua uso. Leah, binti yangu wa darasa la nne, alikuwa amesimama penye uzio, mfuko kichwani, shingo imezama mabegani.

"Tena?" nikamuuliza.

"Tena, mama."

Ilikuwa wiki ya tatu mfululizo. Jezi kumi na nne za timu ya wavulana, na bukta zake, na soksi zake. Wiki ya kwanza nilinyamaza, nikasema shule ni ya wote. Wiki ya pili nilimsimamisha mwalimu wa michezo pale getini, akacheka. "Mama Leah, kazi za mikono zinawajenga wasichana." Nikamuuliza zinawajenga wapi, mbona ukuta siuoni. Akawasha pikipiki yake akaondoka. Sasa hii ya tatu, mtoto akatua mfuko, akafuta jasho kwa kiganja, akaniambia kwa sauti ya mtu anayeleta habari njema:

"Mwalimu kasema watakaofua vizuri watapelekwa wilayani na timu. Kushangilia."

Jamani. Kushangilia! Mtoto huyu anadaka mpira. Mimi ni mama yake, sifai kuwa shahidi, lakini waulizeni vijana wa bodaboda pale njia panda, ndio wanaompigia mashuti jioni kwa kuwekeana soda, na soda anakunywa yeye. Timu ya wasichana shuleni ipo kwenye karatasi. Wanafanya mazoezi lini? Jioni wavulana wako uwanjani, wao wako kwenye karai.

Nilisimama, ungo ukapinduka, dagaa wakatawanyika, kuku wakapata sherehe. Nikaupiga mfuko teke. Jezi zikamwagika, harufu ikapanda yote kwa mara moja, na badala ya kutukana kama nilivyokusudia nikajikuta nimekaa chini kwenye vumbi, nalia. Leah akaanza kuokota dagaa mbiombio, maana alidhani hao ndio ninaowalilia.

Nilikuwa namlilia mzungu mmoja aliyewahi kufua jezi zetu.

*

Nilikuwa na miaka kumi. Tulikaa kijijini, upande wa kwenda Migato, mimi na baba na bibi mzaa baba. Mama alishafariki. Mzungu yule alikuja na mke wake, mkunga aliyeletwa kwenye zahanati ya misheni. Siku waliyofika mvua ilinyesha baada ya kukatalia mbinguni muda mrefu, kwa hiyo yeye akapewa jina la Mabula hapohapo, mizigo yao ikiwa bado juu ya gari. Jina lake la kwao lilikuwa na herufi nyingi zilizobanana, hakuna aliyejisumbua nalo. Mimi naitwa Kabula, nami nilizaliwa siku ya mvua. Alipolisikia jina langu alifurahi kama mtu aliyekutana na ndugu yake ugenini. Tangu siku hiyo aliniita "wajina".

Bibi alimwita Mjerumani. "Si walikwishaondoka hawa?" aliuliza. Mabula akajieleza kwa Kiswahili chake cha kuchechemea kwamba yeye si Mjerumani, yeye ni Mwaustria, nchi ya milima, jirani tu. Bibi akaitikia kwa adabu zote, kisha akageukia kwangu, "Mpe kigoda huyu Mjerumani."

Kuchechemea hakukuwa kwa Kiswahili peke yake. Mguu wake wa kulia haukukunjika vizuri. Akiketi aliunyoosha mbele kama mtu aliyeweka mchi. Alikuwa ameucheza mpira huko kwao, golikipa, na si wa mtaani. Alikuwa na kipande cha gazeti ndani ya nailoni, kimekunjwa mara nne, na humo alionekana kijana mwembamba ameruka upande upande hewani, glavu nyeusi, mpira uko kwenye ncha za vidole, na nyuma yake watu wamejaa hadi juu. Tulimuuliza kama aliudaka. Alisema, "Huu, ndiyo. Uliofuata, hapana."

Halafu siku moja ya baridi, uwanja umeganda ukawa kama sakafu ya saruji, aliruka, akatua kwa goti. Basi. Ikawa ndiyo mwisho wa kuruka. Akawa kocha. Timu ya kwanza aliipandisha daraja, wakambeba mabegani. Mwaka uliofuata ikashuka, waliombeba ndio waliomfukuza. Ya pili ilimfukuza kabla hajamaliza kuyajua majina ya wachezaji. Ya tatu ilijifia yenyewe. Watu waliacha kuja, akawa akipiga kelele pembeni ya uwanja na sauti yake inamrudia kutoka kwenye viti vitupu. Alitusimulia haya yote huku anacheka. "Kocha ni mbwa," alisema. "Nyama ikiibwa, anapigwa yeye. Hata kama nyama amekula paka." Nasi tulicheka sana. Watoto tulidhani ni hadithi ya mbwa na paka.

Wavulana wa kijiji walikuwa na timu yao tayari na kocha wao, mwenye filimbi na tumbo. Kwa hiyo Mabula akatuchukua sisi wasichana. Tulikuwa tunacheza rede nyuma ya zahanati, akasimama akatuangalia muda mrefu jinsi tunavyoukwepa mpira. Akatuambia: sasa fanyeni kinyume chake.

Uwanja wetu ulikuwa kwenye udongo mweusi wa mbuga. Mnaoujua mnaujua. Masika unameza kiatu na mguu wake. Kiangazi unakauka, unapasuka nyufa za kuingiza mkono, na kingo za nyufa hizo zinakata kama kigae. Mimi nilikuwa golikipa. Wiki ya kwanza magoti yangu yalichubuka hadi nyama nyeupe, na bibi akawa ananikanda usiku kwa maji ya chumvi huku anamsema Mjerumani wake kwa Kisukuma ambacho sikitafsiri hapa.

Mabula aliyaona magoti yale. Alichuchumaa kadiri mguu wake ulivyomruhusu, akayatazama. Akagonga udongo kwa kisigino, akausikiliza. Akasema, "Goti haliuzwi dukani, wajina."

Na kila Jumamosi akawa anafua jezi zetu yeye mwenyewe.

Hapo ndipo kijiji kilipofunguka macho. Mwanamume mzima, mume wa mkunga, ameketi kwenye ndoo iliyopinduliwa, mguu mmoja mbele, karai katikati, sabuni ya mche mkononi, anasugua nguo za watoto wa kike! Wanawake waliokwenda kliniki walimsalimia kwa vicheko wakipita. "Mwangaluka, Mabula! Kwangu nina mablanketi matatu, nikuletee?" Naye alikuwa anajibu, "Mwangaluka, mayu. Lete, foleni ndefu." Tulimwambia tuzifue wenyewe, hata sisi tuliona aibu. Akakataa. Akasema huko kwao alipokuwa mdogo aliingia timu akaambiwa asafishe kwanza viatu vya wakubwa. Akasafisha msimu mzima, na wenzake wakawa wanajifunza kudaka. "Ninyi mmebeba maji tangu asubuhi," alisema. "Hapa mmekuja kucheza."

Alizianika kwa kufuata namba, moja hadi kumi na nne, kwenye waya wa misheni. Yangu ilikuwa ya kwanza, ya kijani. Ikikauka ilinukia jua na sabuni, na mimi niliikumbatia usoni kabla ya kuivaa, maana nyumbani hapakuwa na kitu kingine changu chenye harufu ile.

Maji ya kufulia hakuyamwaga ovyo. Kiangazi kile maji yalikuwa ya kufuata mbali. Aliyabeba kwa ndoo mbili, anachechemea, yanamdondokea mguuni, hadi uwanjani, akayamwaga golini kwangu. Polepole, kutoka mlingoti hadi mlingoti, kama mtu anayemwagilia mchicha. Kisha anachukua jembe, anachimbua kidogo, anaokota mawe, anatia mfukoni. Nilimwona mara nyingi. Sikuuliza. Mtoto hamuulizi mtu mzima habari za maji yake.

*

Mavuno ya pamba yalipokwisha ukaja msimu wa mbina, mashindano yetu ya ngoma, na wazee wakasema safari hii, pamoja na ngoma, na hao mabinti wa Mjerumani wacheze. Ikaletwa timu ya wasichana kutoka Nassa, wakapanda Fuso iliyokuwa inarudi tupu toka kupeleka pamba. Mabinti wa ziwani, wala samaki, mapaja kama mihimili. Wenye kijiji walitoa mbuzi wa zawadi.

Sasa, kwa asiyejua: ngoma zetu hazihukumiwi na mtu mwenye kalamu. Makundi mawili yanacheza uwanja mmoja, wakati mmoja, na watu wanakimbilia linalowavuta. Penye watu wengi ndipo penye ushindi. Ndivyo ilivyo tangu mababu.

Tulifungwa tano bila. Sikatai. Lakini mipira iliyokuja golini kwangu siku ile ilikuwa kama mvua ya mawe, na mimi niliruka. Niliruka kushoto, niliruka kulia, nilipangua kwa ngumi, mmoja niliuzuia kwa uso. Na udongo wa golini ulikuwa laini chini yangu. Nilianguka na kuinuka kama aliyeanguka kwenye mfuko wa pamba. Watu wakaanza kuhama. Kwanza watoto, kisha akina mama, kisha wazee na vigoda vyao. Kipindi cha pili upande wa Nassa hapakuwa na mtu, golikipa wao aliketi chini akawa anasuka nywele zake. Kijiji kizima kilikuwa nyuma ya goli langu.

Filimbi ikalia, na mzee mwenye kamba ya mbuzi akaja moja kwa moja kwetu.

"Mzee, sisi tumeshinda tano!" kocha wa Nassa akapiga kelele.

"Tano za nini?" mzee akamuuliza, hakusimama hata. "Watu wako wako wapi?"

Mabula alicheka hadi akaketi chini, mguu mbele. Halafu nikaona amejifunika uso kwa fulana yake, na mabega yanaendelea. Nilidhani bado anacheka. Aliposimama aliichukua kamba, akamshukuru mzee, akaenda kumkabidhi mbuzi kocha wa Nassa. Kwa sheria za mpira alifanya haki. Kwa kijiji, hilo lilikuwa kosa. Mtu anashinda mbuzi mbele ya watu wote, halafu anamgawa kama anagawa ugoro? Huyo ana kitu kikubwa kuliko mbuzi.

Maneno yakaanza kesho yake. Timu inafungwa tano na watu wanaikimbilia? Hiyo si bure. Hiyo ina samba, dawa ile ya kuvuta watu ambayo wakuu wa ngoma wanaitafuta kwa gharama zote. Mjerumani kaipata wapi? Kaiweka wapi?

Jibu nililitoa mimi.

Tulikuwa kisimani, wanawake kama sita, na shangazi yangu mmoja aliyekuwa na miaka ya ndoa bila mtoto. Wakanichokoza. "Ewe golikipa, huyo baba yenu wa kizungu anawapaka nini?" Nami nilikuwa bado nina kiburi cha juzi, kifua mbele, nataka nisikike kama mtu anayejua mambo. Nikasema hatupaki kitu. Anafua jezi zetu mwenyewe. Kila Jumamosi. Na maji yake hayamwagi hivihivi, anayapeleka golini kwangu, anachimba, anayamwaga pale.

Nakumbuka jinsi ndoo zilivyonyamaza. Shangazi aliishusha yake taratibu. Mmoja akasema, "Jasho la mabinti kumi na nne." Mwingine akasema, "Analifukia." Shangazi alishika tumbo lake tu, akaniangalia kwa huruma kana kwamba nimekwisha. Kwetu, mtu akichukua jasho la msichana akalifukia, ameufunga uzazi wake humo. Mimi sikuyajua hayo. Nilijua tu nimesikilizwa, na nikaona raha.

Bibi alikuwa akisema mdomo uliponza kichwa. Wangu uliponza kichwa cha mtu mwingine.

Jumamosi baba na wanaume wengine walikwenda uwanjani na majembe. Sisi mabinti tulipangwa pembeni na mama zetu, hatujui tunafanyiwa nini. Walilichimba goli langu lote, hadi kiunoni. Udongo ulikuwa mweusi, mlaini, hauna hata jiwe moja. Hawakupata kitu. Na kutopata kitu ndiko kulikowahakikishia. Dawa inayoonekana ni ya watoto.

Mabula alikuja katikati ya kazi, na ndoo zake mbili. Hakuna aliyemgusa wala kumtukana. Walimgeuzia mgongo wakaendelea kuchimba, na hiyo kwetu ni mbaya kuliko tusi. Akatua ndoo. Alituangalia mmoja mmoja, akafika kwangu. Nadhani aliona kwenye uso wangu ni nani aliyesema. Akaniuliza kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Wajina, magoti vipi?"

Sikumjibu. Mkono wa bibi ulikuwa begani kwangu, na nilikuwa naogopa. Nilitazama ardhi. Maji yale aliyabeba akarudi nayo, hakuyamwaga.

Hakukuwa na timu tena. Mke wake aliomba uhamisho kabla masika hayajaingia. Asubuhi ya kuondoka kila nyumba ilikuta jezi mlangoni, imefuliwa, imekunjwa, namba juu. Yangu bibi aliiokota kwa kijiti, akaichoma nyuma ya jiko. Nailoni haiungui kama nguo, inajikunja na kulia kidogo. Ile harufu nzuri ya jua na sabuni ilitoka kwanza, dakika moja, halafu ikaja nyingine.

*

Uzazi wangu haukufungwa. Leah huyu hapa. Shangazi naye alikuja kujifungua mapacha, na wala hakuwahi kuvaa jezi.

Na kama mnadhani niliuelewa upumbavu wetu shuleni, mnakosea. Sekondari nilijifunza kwamba hakuna samba, sawa. Lakini maji yale sikuyaelewa. Nilibaki nadhani ni desturi za kwao, watu wa baridi, huwezi kujua. Hadi kiangazi kilichopita, hapa Bariadi, nimemaliza kufua, nimeshika karai nataka kumwaga mtaroni. Leah akanizuia. Alikuwa anajirusharusha na mpira wake wa matambara kati ya mawe mawili.

"Mama, mwaga hapa. Panalainika, siumii magoti."

Nikamwaga. Nikasimama nikautazama udongo unavyokunywa. Mtoto wa miaka tisa alikuwa ameona kitu ambacho kijiji kizima na majembe yake hakikukiona. Maji safi yalikuwa ya kunywa, Mabula asingeweza kuyamwaga uwanjani watu wakamwangalia. Kwa hiyo alifua. Alifua ili tucheze, na alichokibakiza aliniwekea mimi chini ya magoti. Goti lake lilikwishakufa. Alikuwa analinda la kwangu. Na aliniuliza, siku ile mbele ya shimo, swali moja tu, nami nilikuwa na jibu. Yalikuwa mazima. Mpaka leo ni mazima.

Sijui yuko wapi. Mkewe hakuacha anuani, na jina lake halisi hatukuwahi kujifunza kulitamka. Siwezi kumwomba radhi mtu nisiyejua kumwita.

Lakini mwalimu wa michezo namjua jina. Nilijifuta machozi, nikazirudisha jezi zote kumi na nne kwenye mfuko, chafu vilevile. Nikamtuma Leah dukani kwa karatasi ya mistari. Kesho yake asubuhi niliingia ofisini kwa mwalimu mkuu, nikautua mfuko juu ya meza yake, nikaweka barua juu ya mfuko, nikasimama hadi akagonga muhuri wa kupokea, nakala ya pili ikaenda kwa mratibu elimu wa kata. Majina nimeyaacha huko. Barua yenyewe hii hapa.

YAH: MALALAMIKO KUHUSU WASICHANA KUFULISHWA JEZI BADALA YA MAZOEZI

Mwalimu Mkuu, husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mzazi wa Leah, darasa la nne. Kwa wiki tatu binti yangu na wenzake wamepewa jezi za wavulana wafue muda wa michezo, na kuahidiwa kupelekwa wilayani kushangilia. Mtoto wangu ni golikipa. Sikumleta shuleni ashangilie.

Nakurudishia jezi kumi na nne kama nilivyozipokea. Wavulana wana mikono, wafue. Kama wamechoka, mwalimu wa michezo afue; nimewahi kumwona mwanamume anafua jezi na hakupungukiwa kitu.

Naomba wasichana wapewe uwanja siku mbili kwa wiki, kwa maandishi, na majina yao yapelekwe wilayani kama wachezaji. Nisipojibiwa ndani ya siku saba nitakuja na wazazi wenzangu.

Ombi la mwisho. Maji ya kufulia yasimwagwe mtaroni. Yapelekwe golini, yamwagwe polepole kutoka mlingoti hadi mlingoti, na mawe yaokotwe. Mtu akiuliza ni ya nini, aambiwe ukweli mapema, kabla hajachukua jembe: ni ya magoti ya mtoto.

Kabula, mama Leah,
aliyekuwa golikipa.